Njia zote za milima ya Pennines zilipofungwa siku ya mahari, na mzee wa ukoo akagoma kugeuza gari

Wakuu, wenye umri wangu salaam, vijana nawapokea shikamoo zenu hata kama hamjazitoa.

Nipo London, Tottenham, mstaafu, magoti yananisumbua. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo mkikuta nukta haipo muiweke wenyewe. Ila haya nilikuwepo. Jicho langu moja lina ukungu lakini theluji linaiona vizuri tu.

Baridi iliyopita nilikuwa mshenga wa mpwa wangu Tumaini. Binti anaitwa Furaha, Mkongo wa Uvira, kwao wanakaa Sheffield. Baba yake alishafariki. Mwenye haki ya kupokea mahari ni kaka wa marehemu, Mzee Bahati, na huyo anakaa Manchester, siku hiyo avuke mlima aje Sheffield.

Sasa shida. Furaha alikuwa na tumbo, na siyo tumbo la kuficha. Daktari alisema wiki yoyote kuanzia sasa.

Na kwa ukoo wao, mtoto akizaliwa mahari haijapokelewa, ni wa kwa mama yake. Jina la kwao, ukoo wa kwao. Dada yangu, mama yake Tumaini, alikuwa halali usingizi. Tumaini ndiye mwanaye pekee, na huyo ndiye mjukuu wa kwanza.

Kwa hiyo siku ilikuwa ile ile iliyopangwa, hakuna nyingine.

Tulitoka London siku moja kabla, motorway mvua tupu, tukalala Sheffield kwa kina Furaha.

Hapa nisimame kidogo niwaeleze milima, maana bila hivyo hamtaelewa. Kati ya Manchester na Sheffield kuna safu inaitwa Pennines. Ukiitazama kwa macho ya mtu wa Makete kama mimi, utacheka. Vilima! Hakuna hata mti wa maana huko juu, majani tu na kondoo.

Lakini usicheke sana. Mawingu yanatoka baharini upande wa Manchester, yanapanda yale mabonde. Chini Manchester yanadondosha manyunyu. Juu kwenye njia za kuvukia yanadondosha theluji, na upepo unaisukuma mpaka inaziba barabara. Yakifika Sheffield yameshajimaliza, huku jua linawaka.

Hali ya hewa tatu, safu moja. Mtu wa kila upande anaangalia dirishani kwake anajua ameshaona kila kitu.

Mimi Makete nimekulia. Mwezi wa sita umande unaganda, viazi vinaungua shambani kama vimemwagiwa maji ya moto. Hatari yake ni alfajiri. Marehemu baba alikuwa hatutoi nje mpaka jua lipige bati. Alikuwa mkali yule mzee, lakini hiyo ni habari nyingine.

Basi asubuhi kabla hakujapambazuka simu ikalia. Mzee Bahati.

"Mukwe, miye natoka sasa."

Nikamwambia ngoja, Mzee, huko juu kumeganda, subiri wapitishe magari ya kumwaga chumvi ya kuyeyusha barafu.

"Theluji gani? Hapa iko manyunyu tu! Miye nilivusha camion mu milima ya kwetu miaka mingi. Mulima inavukwa asubuyi. Kisha saa sita mvua inakuja, unabaki mu matope."

Kwao, huko alikoendesha malori, ni kweli kabisa. Mvua ya kule inakuja mchana, dereva mwenye akili anavuka mapema. Lakini hapa ni kinyume. Nikamwambia. Akasema watu wa London hatujui milima. Akakata.

Njia ya kwanza, ile wanaiita Snake Pass, alikuta taa zimewaka chini kabisa: imefungwa. Akaenda ya pili, Woodhead, ilikuwa bado wazi. Akapanda. Katikati huko lori likateleza likalala kukata barabara.

Simu ikaja tena. Safari hii ni mkewe, Mama Riziki.

"Shemeji, tusaidie! Polisi anasema watu wote wageuze warudi. Muzee amekatala!"

Nikauliza amekataa nini.

"Kugeuza! Magari yote ya nyuma yanapiga honi. Anasema ukienda kupokea mahari ya mutoto, ukirudisha njia, na mutoto atarudishwa."

Wakuu, simu ilikuwa kwenye spika, sebule nzima ilisikia. Kumbe kwao ni mwiko. Mzee wa ukoo akishatoka kwa safari hiyo hageuki, akigeuka ndoa nayo inageuka. Mama yake Furaha akaweka mkono mdomoni. Furaha mwenyewe kazaliwa hapa hapa, akasema, "He's going to freeze to death for manners?" Yaani agande afe kwa ajili ya adabu. Mama yake akamfinya.

Tumaini akasema tumpigie video, Mzee apokee kwa WhatsApp akiwa kwenye gari. Nikamsikia Mzee kwa nyuma kule:

"Mahari mu WhatsApp? Mwambie huyo kijana miye siko group!"

Nikawaza. Upepo nausikia kwenye simu, unapiga lile gari kama mtu anapiga turubai. Mzee ana umri wa kunipita, na mkewe ana sukari. Akikaa pale theluji itawafunika. Akirudi, ndoa imekufa. Na tumbo haliangalii mambo hayo.

Nikasema nipeni Mzee.

"Mzee, kwenu mgeni akija, mwenye nyumba anafanya nini?"

"Anatoka kumupokea njiani."

"Basi sisi ni wageni wako. Tunakuja Manchester, kwako, sasa hivi. Hurudi nyuma. Unakwenda kutupokea."

Honi tu.

"Munakuja namna gani? Njia zote zimefungwa."

"Kuna treni, inapita chini ya mlima."

Halafu nikamsikia anamwambia mkewe, "Funga mukanda. Wageni wanakuja." Gari likageuka.

Basi ikawa mbio. Sombe, yaani kisamvu, fufu, ugali wao wa muhogo, na samaki, vyote kwenye masufuria yamefungwa vitenge. Mama wawili, wake na wa Tumaini, wakamshika Furaha huku na huku. Stesheni ya Sheffield jua linapiga. Wazungu wanatutazama, mmoja akauliza kinachonukia vizuri ni nini, Mama Furaha akamwambia harusi.

Treni ikaingia kwenye handaki refu, giza. Ikatoka, dunia nyeupe! Kondoo wamejibana ukutani, juu vilele havionekani, theluji inakwenda pembeni haishuki. Tumaini akakamata mkono wa mchumba wake. Handaki la pili, giza tena. Tukatoka, manyunyu. Manchester.

Mzee Bahati alikuwa amesimama stesheni na suti, mwavuli mkononi, viatu vimelowa mpaka soksi.

"Karibuni kwangu!" Kwa sauti ya mtu ambaye hakuwahi kwenda popote.

Mahari ilipokelewa sebuleni kwake, heater imewashwa mpaka mwisho. Akamuuliza Furaha mara tatu kama wanavyofanya, "Nipokee?" Mara ya kwanza ndiyo, ya pili ndiyo. Ya tatu alikuwa ameshika kiuno: "Yes, Baba Mkubwa, please, haraka!"

Akapokea. Vigelegele. Usiku ule ule uchungu ukaanza, mtoto akazaliwa hospitali ya Manchester. Wa kiume, kilo za kutosha, jina la ukoo wetu. Dada yangu sasa analala.

Nilichojifunza: hali ya hewa ya mlima usiisome mlangoni kwako, iulize kwa aliye upande wa pili na aliye juu. Na mlima wa kwenu haukufundishi mlima wa wenzako. Na mzee akigoma usimwambie rudi, mtafutie mahali pa kwenda.

Wa Manchester, wa Sheffield, wa Makete na nyie wa Uvira, tupieni yenu hapa chini. Mama mmoja kanisani ananiambia nilidanganya, kwamba Mzee aligeuka na kugeuka ni kugeuka. Mimi nasema hakugeuka, alikwenda kupokea wageni. Anayebisha aje tubishane, nina nafasi, magoti hayaniruhusu kwenda popote.