Beji ya Kung'oa Lengalenga

Leo mjukuu wangu amepewa beji kwa kutupa chakula.

Sitanii.

Bustani moja ya kale, nje kidogo ya Durban, ilikuwa na siku ya familia ya kukaribisha majira ya kuchipua. Watoto walipewa ndoo, wakashindanishwa kung'oa magugu kati ya mawaridi.

Neema wangu akashinda. Nikachungulia ndoo yake.

Lengalenga! Changa, laini, bado ina umande. Jirani zangu Watanzania huiita mchicha. Ndiyo mboga aliyokuwa akiichuma mama yangu nyuma ya jiko letu Bukavu, kabla hatujakimbia.

Nikamwomba msimamizi, binti mpole tu, niende nayo nyumbani.

"Samahani baba, hakuna mmea unaoruhusiwa kutoka bustanini."

"Lakini mnaitupa!"

"Ndiyo baba, ila tunaitupa humu humu ndani."

Eish! Nimesoma vitabu vingi, lakini hoja ya namna hiyo sijapata kuiona.

Kilichoniuma zaidi ni Neema kuninong'oneza mimi babu yake, "Koko, twende. Watu wanatuangalia. Sisi hatuli magugu."

Hatuli? Anaila kila wiki! Ila hajawahi kuiona ikiwa na mizizi, na hilo ni kosa letu sisi wazee.

Tuliporudi kwetu Greyville nikanunua fungu zima la lengalenga, nikamkalisha jikoni alichambue mwenyewe. Akalishika jani moja, akaligeuza, kisha akachukua jingine.

Jioni hii amekula sahani mbili, beji bado iko kifuani.

Nani mwingine ana mtoto wa hivi nyumbani?