Glenys na Busu la Fanny

Hapa La Ciotat, kusini mwa Ufaransa, wanaume wetu hutaka tuamini kwamba wamezaliwa na tufe la petanki mkononi, huo mchezo wetu wa kurusha matufe ya chuma. Mimi nimewauzia vinywaji katika kibanda cha klabu miaka kumi na tano, tambo zao zote nimezikariri, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia, "Josette, njoo urushe."

Glenys Probert alikuwa dereva wa basi huko Wales. Alikuja kwetu na mumewe Gareth baada ya kustaafu, wakanunua nyumba ya chini katika jengo letu, ile yenye ua wa changarawe. Mimi nakaa juu yake. Gareth alipofariki, majirani walisema mama sasa atafunga virago. Hakufunga. Alinunua matufe matatu ya chuma akaja klabuni.

Mwenyekiti wetu, Lucien Barbaroux, alikubali kucheza naye mechi moja. Lucien anacheza kwa mkono, lakini anashinda kwa mdomo.

"We Mwingereza, hilo tufe au yai? Mbona unalibembeleza?"

"Mimi si Mwingereza. Ni wa Wales."

"Kwani kuna tofauti? Chai si ile ile!"

Watu wakaangua kicheko, na mkono wa Glenys ukaanza kutetemeka. Matufe yake yalikwenda kila mahali isipokuwa karibu na kile kipira cha mti kinacholengwa. Glenys akiwa nyuma kumi na mbili kwa bila, Lucien akamtupia la mwisho: "Marehemu Gareth angekuonea haya." Tufe likamponyoka, likaishia kwenye maua.

Na kwetu ukifungwa kumi na tatu bila kupata hata pointi moja, unambusu Fanny. Fanny ni mwanamke wa kuchorwa, yumo kwenye fremu nyuma ya pazia, amewapa watu mgongo na sketi ameiinua. Kengele inapigwa, unapiga magoti mbele ya wote, unabusu makalio. Glenys alibusu. Halafu Lucien akamwambia nafasi yake ni benchi la watazamaji, mpaka siku atakayomfunga yeye. Nilichukia hadi nikavunja glasi.

Majira ya kuchipua yaliyofuata, ugonjwa wa korona ukaja, tukafungiwa majumbani. Ufukwe ulizungushiwa utepe, na hata kwenda kununua mkate ulijiandikia karatasi ya ruhusa. Siku moja nikiwa kwenye roshani nikasikia vyuma vikigongana chini. Glenys alikuwa anarusha uani peke yake, na kila tufe lilitua pale pale alipotaka.

"Shoga yangu, mbona unajua!" nikamwambia.

"Nikiwa peke yangu najua. Lucien akifungua mdomo naharibikiwa." Akainua uso. "Wewe maneno yake unayajua yote. Hebu nitukane."

"Nikutukane?"

"Kama yeye."

Nikajishika kiuno. "Mama, unalenga kipira au unalenga Italia?"

Tufe likagonga chungu cha mrihani. "Umeona?" akasema. "Endelea."

Tukaendelea. Jioni tulipokuwa tukiwapigia makofi wauguzi, jengo zima lilikuwa madirishani, na makofi yakiisha hakuna aliyefunga dirisha. Walibaki kumtukana Glenys. Mzee Kerbrat wa ghorofa ya tatu, mtu ambaye hata salamu alikuwa anaitoa kwa shida, alipiga kelele, "Huo mkono wa kukorogea supu!" Mama wa watu akacheka, akarusha, akagusa kipira. Nakwambia, katika siku zile za hofu tulikuwa tunaisubiri saa ile kama chakula.

Lakini neno moja nilikuwa nalikwepa. Akalidai mwenyewe.

"La Gareth hujasema."

"Hilo siwezi."

"Hilo hasa ndilo nalitaka, Josette."

Nililisema. Alikaa chini kwenye changarawe akalia. Kesho yake akaniambia nirudie. Nikarudia siku baada ya siku, mpaka jioni moja akalisikia, akarusha, na tufe likalala ubavuni mwa kipira.

Klabu ilipofunguliwa mwezi wa sita, Glenys aliingia na matufe yake, akasimama mbele ya Lucien. "Mechi moja. Nikishinda, nataka nafasi yangu."

"Mwingereza amekumbuka busu!" Lucien akacheka.

Hakucheka muda mrefu. Alisema yai, alisema Italia, alisema chai. Ikawa nne bila kwa Glenys, ikawa tisa bila.

"Mbona hutetemeki wewe?"

"Nimeshatukanwa hayo yote. Huna jipya?"

Kwenye kumi na mbili bila, akalitoa lile. "Gareth angekuonea haya." Mimi nilishika kaunta kwa mikono miwili.

"Gareth hakujua kurusha hata jiwe majini," Glenys akasema. "Nyamaza nicheze."

Akarusha. Kumi na tatu kwa bila!

Lucien akarudi nyuma, mikono juu. "Fanny habusiwi mwaka huu. Kuna ugonjwa, jamani! Tufuate masharti!"

"Nimemfuta kwa spiriti asubuhi hii hii," nikasema, nikavuta pazia. Kengele niliipiga mimi, niliipiga mpaka kamba ikakatika. Mwenyekiti akapiga magoti, akabusu. Alipoinuka alijipangusa vumbi, akamgeukia Glenys.

"Jumamosi saa nne, timu ya kwanza," akasema. "Usichelewe, wa Wales."

Glenys aliokota matufe yake. Alikuja mpaka kibandani, akaniwekea yote matatu juu ya kaunta, katikati ya glasi.

"Vua aproni."

"Mimi? Glenys, mimi sijui kurusha."

"Huo mkono wa kukorogea supu!" akanipigia kelele mbele ya watu wote. "Vua, tucheze!"

Nikavua.