Tawi la Mtaroni

Karani wa malalamiko katika baraza la mji ule mdogo wa kando ya ziwa alikuwa na mikono safi kupita yote ambayo Dorca, mchuuzi wa omena, wale dagaa wa ziwani, aliwahi kuiona. Aliandika kwa penseli tu. Mwaka wa themanini na nane, kila aliyekuja kusema mtaro wa sokoni hauna mfuniko alikaribishwa kiti, akaitwa "mama yangu" au "mzee wangu", na maneno yake yakaandikwa polepole kitabuni. Lakini mtu akigeuka mlangoni kuaga, angemkuta karani ameshika raba, anapuliza vumbi lake kwa upole kama anayempozea mtoto uji. Dorca alikwenda mara mbili, akaliona jambo hilo mara mbili, akadhani karani anasahihisha makosa.

Mara ya tatu alikuja kwa magongo, mguu ukiwa kwenye plasta. Maji ya mvua yalikuwa yamefunika barabara, akatumbukia mtaroni.

"Pole sana, mama yangu," karani alisema, na huruma ilisikika kabisa. "Lakini si pale kulikuwa na tawi la mti la kuonya watu? Nani aliliweka?"

"Ni mimi, bwana karani. Nilichoka kuwangoja. Nikasema watoto wa shule wasije wakaingia. Maji ndiyo yaliyolibeba."

"Kwa hivyo ulijua kuna shimo."

"Si nilikuja hapa kuwaambia!"

Karani alifungua kitabu, akamwonyesha kurasa zilizo safi kama mikono yake. Kisha akaweka penseli chini, akatoa kalamu ya wino mfukoni, akaandika: *Mlalamishi alijua.*