Mbegu za Cucu na Jiwe Lililonyamaza

Waliokuwa ndani ya nyumba siku hiyo walikuwa wanne, na wa tano aliingia bila kubisha. Kulikuwa na cucu yangu Ciarunji, mama ya baba yangu. Kulikuwa na mama yangu Wambeti, aliyekuwa ametoka kujifungua. Kulikuwa na mtoto mwenyewe, ndugu yangu Njoka, ambaye jina alikuwa nalo lakini nguvu ya kulia hakuwa nayo. Na mimi, Ciarunji mdogo, kwa sababu kwetu Embu msichana wa kwanza huitwa jina la mama ya baba yake. Cucu hakuniita mjukuu. Aliniita somo. Huyo wa tano alikuwa Ireri, mtoto wa kaka yake cucu, na alikuwa na bunduki.

Baba yangu Nyaga hakuwepo. Tuliambiwa yuko kizuizini.

Lakini wacha nianze kabla ya hayo. Nyumba yetu ilikuwa juu ya Kanja, upande unaoelekea msituni. Asubuhi kwetu ilijulikana kwa mawe. Kila mwanamke alikuwa na jiwe lake la kusagia, na kila jiwe lilikuwa na sauti yake. Cucu alikuwa akilala tu kitandani na kuhesabu nani ameamka. "Sikia, somo. Muthoni bado. Leo mume wake atakunywa maji ya moto aseme ni uji."

Siku moja ya kawaida, jua likiwa zuri, cucu alishusha kibuyu kilichoning'inia juu ya moto ili abadilishe majivu. Ndani ya majivu kulikuwa na ndengu. Alikuja nazo akiwa bibi arusi kutoka Mbeere, kule chini kwenye joto, na mama yake alikuja nazo kutoka kwa mama yake. Zilikuwa ndogo, nyeusi, zenye jicho jeupe. Majivu huzuia wadudu wasizitoboe. Nilitaka kuonja moja, naye akanipiga mkono.

"Hii ni mbegu. Mbegu hailiwi, hata ukinikuta nimelala njaa. Anayekula mbegu amekula mtoto wa mtoto wake."

Niliishika hiyo. Mtoto hushika neno kama anavyoshika mafua.

Halafu ikaja Hali ya Hatari, serikali ya wakoloni ikipigana na wapigania uhuru waliokuwa msituni. Nyumba zetu zilichomwa na tukaambiwa tuhamie kijiji kimoja, chenye mtaro mrefu kukizunguka na miti iliyochongwa ndani yake. Cucu alibeba kibuyu. Mama alibeba mtoto tumboni na jiwe mgongoni.

Kijijini walinzi wetu walikuwa homugadi, yaani watu wetu wenyewe waliopewa bunduki na serikali. Amri ilikuwa kwamba unga usipatikane kwa nyumba. Unga ni chakula cha safari, walisema, mtu aliye msituni anaukoroga na maji baridi anakwenda. Tulipewa ruhusa fupi ya kwenda shambani kuchimba kile kilichobaki, kisha tunarudishwa ndani. Mahindi yalikatwa yakiwa mabichi. Mawe ya kusagia hawakuyachukua. Waliyaacha makusudi, kwa sababu ukisaga, jiwe lenyewe linawaita. Muthoni jirani yetu alisaga wimbi kidogo tu. Walimfuata kwa sauti, wakampeleka kambini kwao, na aliporudi alikuwa hawezi kukaa chini. Nyumba yake waliibomoa.

Walipekua na kwetu. Mmoja wao, Kathuri, alitia mkono kwa kibuyu ukatoka umejaa majivu. Akacheka sana. "Ona huyu mchawi, anaweka akiba ya majivu!"

"Ni ya kusugua meno, mwanangu," cucu akamwambia, na meno alikuwa nayo matatu. "Ukizeeka utakuja unikope."

Kathuri akajipangusa kwa shuka yake cucu, akatoka.

Mama alijifungua tukiwa tumefungiwa hivyo. Kwetu mwanamke akizaa, mama mkwe humpikia uji mpaka maziwa yashuke vizuri. Hiyo ni kazi yake, hamwachii mtu. Sasa uji utatoka wapi? Mama alikula ndizi mbichi na mboga za mwituni. Maziwa yalikuja kidogo, halafu yakakauka. Njoka alilia kama mtoto, kisha akalia kama paka, kisha akawa anafungua mdomo tu.

Cucu akashusha kibuyu.

"Cucu, hiyo ni mbegu," nikasema.

"Najua ni nini."

Alipepeta majivu, akaziosha, akaziloweka mpaka zikavimba na ngozi ikaanza kubambuka. Alimwaga zote. Kibuyu akakiinamisha sakafuni, mdomo chini. Halafu akapiga magoti mbele ya jiwe, nami nikaziba masikio kwa kuogopa ile sauti.

Haikuja.

Nilitoa vidole masikioni. Cucu alikuwa akisukuma mbele na nyuma, mabega yake yanafanya kazi, akidondoshea maji kwa ncha za vidole, na jiwe lile lililokuwa likisikika ng'ambo ya mto lilikuwa linanong'ona. Nafaka kavu hulia. Ndengu iliyolowa haimsemi mtu. Kilichokuwa kinatoka pembeni hakikuwa unga, kilikuwa kitu kizito kama maziwa ya mgando.

"Unga uko wapi?" nikauliza.

"Hakuna unga. Wewe tazama."

Sehemu moja aliiongeza maji akaipika uji. Nyingine aliipaka kwa kiganja juu ya kigae cha chungu kilichokuwa motoni. Ilitulia. Kisha kingo zikaanza kuinuka zenyewe, polepole, kama kitu kinachoamka. Ukawa mkate. Nimeishi mpaka kuona watu wakiongea na watoto wao walio Ulaya kwa kioo cha simu, lakini sijaona jambo lililonishangaza kama lile.

Mlangoni kukaingia kivuli.

Ireri alikuwa amesimama.

Mama alimfunika Njoka kwa nguo, kana kwamba mtoto ndiye aliyeharamishwa. Nje, Kathuri aliita, "Kuna unga humo?"

Ireri aliangalia jiwe. Lilikuwa linang'aa maji.

"Tata," alisema, maana cucu alikuwa shangazi yake. "Mmesaga."

"Umesikia jiwe?"

"Sikusikia."

"Basi."

Aliinama, akaung'oa mkate kwenye kigae, akaumega, akatia kipande mdomoni. Alitafuna. Kisha taya ikasimama.

"Hizi ni za nyumbani," alisema. "Ni za cucu wetu, mama yako."

"Ni hizo."

"Zote?"

Cucu alielekeza kidole kwa kibuyu kilichoinama.

"Ireri! Umelala na hao wanawake? Kuna unga au hakuna?" Kathuri akaita tena.

Ireri alikuwa bado anaangalia kibuyu. Alimtilia mama mkate uliobaki mkononi, akafunga vidole vyake juu yake kama mtu anayempa mtoto kitu asiangushe.

"Hakuna unga humu," akaita nje. "Kuna mwanamke amezaa tu."

Akatoka.

Mama alikunywa uji ule na kula mkate ule. Kesho yake, akiwa amempakata Njoka, tone la maziwa lilidondoka likamwangukia mtoto shavuni. Tukaliangalia. La pili likaja. Njoka akageuza uso. Cucu hakupiga vigelegele, maana ingesikika. Alifunika mdomo kwa mkono, kama mtu aliyefika mahali ambapo hata viatu vinavuliwa.

Yaliyobaki nitayasema jinsi yalivyo. Baba hakurudi, na hakuna aliyetuonyesha kaburi. Ireri alikutwa ndani ya mtaro ameuawa, kabla kijiji hakijavunjwa. Waliomchapa Muthoni kule kambini, yeye alikuwa mmoja wao. Muthoni alikataa kumlilia, na alikuwa na haki. Cucu alimlilia, na yeye alikuwa na haki. Sijaweza kupima mizani hiyo ikasimama.

Tulipofunguliwa, cucu alishuka Mbeere kwa kaka yake kutafuta mbegu. Alikuta na wao walishakula zao. Alinunua ndengu sokoni akapanda, zikazaa vizuri, lakini alipozivuna alisema, "Hizi ni za watu." Mpaka anakufa, akiingia nyumba ya mtu alikuwa akitikisa vibuyu. Njoka aliishi. Alikuwa na sauti nene, kanisani ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo. Tumemzika akiwa mzee mwenye wajukuu.

Majuzi mjukuu wangu Wawira, aliyeolewa Nkubu, alinitembelea akiwa amebeba blenda. Mtoto wake akila ngano tumbo linafura, kwa hivyo Wawira huloweka kamande, zile dengu za dukani, na kuzisaga kwa mashine hiyo, anapika chapati bila unga. Alipoiwasha ilinguruma mpaka kuku wakatawanyika. Mimi nikajikuta nimeinuka, nimefunga mlango.

"Cucu, mbona unafunga? Tutaiva humu."

"Kelele."

"Kwani ni nani atasikia?"

Nilirudi kukaa. Akamimina juu ya kikaango, ikatulia, kisha kingo zikaanza kuinuka zenyewe. Mkono wangu ulikwenda mdomoni bila mimi kuutuma.

"Ai, cucu, unalia? Ni chapati tu, hata unga haina."

"Najua haina," nikamwambia.

Niliishia darasa la pili, na haya nimeyaandika polepole. Majina ninayo yote, lakini sura zimeanza kuchanganyika, na huenda aliyesimama nje hakuwa Kathuri. Wewe uliyekuwepo, au uliyesimuliwa na mama yako, nikiwa nimekosea nirekebishe. Na kama kule chini Mbeere kuna nyumba bado ina zile ndengu ndogo nyeusi zenye jicho jeupe, usiniletee za kupika. Niletee za kujaza kiganja. Majivu ninayo.