Mume Wangu Ananiita Ujerumani Kabla ya Januari, na Mbuzi za Ntheo Bado

Admin, naomba jina langu lisionekane, maana wenzangu wa kazini wanafuata ukurasa huu.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tatu, Mkamba wa Kivaa, nimesoma hadi kidato cha nne. Ninakagua mishono katika kiwanda cha nguo pale EPZ, Athi River, na ninaishi peke yangu kwenye chumba cha kupanga. Nimeolewa, lakini sijui kama nimeolewa. Nitaeleza kwa mpangilio, kwa sababu kila jioni huandika mambo ya siku kwenye kitabu changu na sipendi kuruka hatua.

Tulioana kwa msajili wa ndoa miaka sita iliyopita, wiki chache kabla mume wangu aende Ujerumani. Ilikuwa haraka. Mbuzi za ntheo, zile ambazo sisi Wakamba hupeleka kwa wazazi wa msichana ndipo ahesabike ameolewa, alisema ataleta akirudi. Alirudi mara moja tu, kumzika mamake, na hapo nani angetaja mbuzi? Huko alianza kwa kuajiriwa kuosha ofisi, na sasa ana biashara yake ndogo ya usafi, yeye na wafanyakazi wawili.

Nilijifunza Kijerumani jioni, nikiongea na ukuta. Nikafanya mtihani anaotakiwa kufanya mke anayemfuata mumewe, nikapita. Nilipompigia kumwambia, alisema, "Vizuri sana, lakini ngoja biashara isimame." Nikangoja. Alikuwa akinipigia Jumapili, dakika chache. Umekula? Haya, lala salama. Kwenye kitabu changu kuna siku nyingi nimeandika sentensi moja tu: leo tangu nitoke kazini sijaongea na mtu. Kiwandani wananiita bibi wa simu. Wakati wa chai mmoja wao huuliza, "Bibi wa simu, leo bwanako ako na chaji?" Wote wanacheka. Mimi pia nacheka, kwa sababu nikinuna nitakunywa chai yangu peke yangu.

Halafu mwezi uliopita akaanza kupiga kila siku. Siku ya tatu akasema, "Mpenzi, nataka uje. Kabla mwaka uishe." Nilikaa kwenye kitanda nikalia hadi jirani akagonga kuuliza kama kuna msiba. Nilipotulia nikamuuliza, kwa nini kabla mwaka uishe?

Akanieleza kwa furaha, kama mtu anayesoma barua ya ushindi. Mwaka huu biashara imefanya vizuri, na ushuru wa huko utamla. Mhasibu wake amemwonyesha njia zote za halali za kuupunguza. Gari la kazi limeshaandikwa kwenye gharama za biashara. Simu imeshaandikwa. Hata chumba anachowekea ndoo na mashine kimeshaandikwa. Lakini mtu anayeishi huko na mke wake, mapato yao huhesabiwa pamoja, na kama mke hana mapato, ushuru unashuka sana. Nikifika hata Desemba, wanatuhesabu kama wanandoa mwaka mzima.

"Vitu vingine vyote tumemaliza," akasema. "Kumebaki wewe tu."

Nikaiondoa simu sikioni, nikaitazama.

"Hallo? Umepotea? Ni mtandao?"

Nikasema ndiyo, ni mtandao.

Jumamosi nilienda nyumbani Kivaa kuwaambia wazazi. Mama alifurahi papo hapo, akaniita binti yake kwa Kikamba. "Enda, mwiitu wakwa. Hicho chumba chako kitakumaliza." Baba alikuwa akibambua mahindi, hakuinua macho.

"Na ntheo?"

"Anasema ataleta baadaye, Baba."

"Kaka yake si ako hapa Ndithini? Amtume. Kwani mbuzi zinahitaji visa?"

Mama akacheka, lakini Baba hakucheka. Akasema, "Serikali ya wazungu inajua wewe ni bibi ya mtu. Mimi bado sijui. Ukigonjeka huko, nitamuuliza nani?"

Nilimpigia mume wangu nikampa maneno ya Baba. Alisema ntheo si kitu cha kutuma mtu. Anataka kukaa mwenyewe na wazee, na sasa akifunga kazi wiki mbili atapoteza wateja. Kisha akaongeza kwa mzaha, "Na unajua mbuzi hazipunguzi ushuru."

Nilicheka. Ni kweli ilichekesha. Kisha nikamuuliza jambo ambalo nilikuwa nikitaka kuuliza tangu aniambie habari za ushuru. "Kama mhasibu angekwambia ni nafuu nibaki Athi River, ungeniita?"

Nilisikia mashine ikinguruma huko alikokuwa, halafu ikazimwa. Akasema kwa sauti ya chini, "Usiniulize hivyo. Kwani unafikiri mimi huku ninakula na nani?"

Hakujibu swali langu. Lakini pia sijawahi kumsikia akisema hivyo.

Tafadhali msiniambie ni tapeli. Hajanidanganya neno moja. Angekuwa ananidanganya, ningejua la kufanya. Tarehe ya ubalozi imeshapatikana, na kiwandani natakiwa kutoa notisi kabla ya mwisho wa mwezi, na ukitoka pale hurudi. Baba hajakataa niende, ila amesema bila ntheo hataninyooshea mkono wa baraka. Nikibaki, naogopa mwaka mwingine hatakuwa na sababu ya kuniita. Nikienda, naogopa Januari ikifika na hesabu ikifungwa, nitakuwa mtu wa kazi gani katika nyumba hiyo.

Wenye hekima, nisaidieni mawazo. Niende, au nimwambie mbuzi kwanza? Na nyinyi mlioitwa na waume zenu baada ya kungoja miaka, mlijuaje kwamba aliyekuwa anaitwa ni nyinyi?