Sauti ya Jukwaa la Jua

Kabla timu hazijatoka vyumbani, kuna dakika moja ambayo uwanja wetu siku hizi haujui uifanyie nini. Spika zinapiga muziki, muziki unakatika, mwanamke mwenye furaha ya kulipwa anasifia sabuni ya unga, kisha panakuwa kimya. Watu wanainua simu zao na kusubiri. Mgeni hawezi kung'amua kitu. Lakini sisi tuliowahi kusimama upande ule, ambako jua la alasiri lilikuwa likitupiga usoni, tunajua kwamba kimya hicho kina mwenyewe.

Tulimwita Kengele. Alikuwa fundi rangi, mtu mfupi, bega moja limepanda kuliko jingine kwa kuinua brashi kwenye dari za watu miaka nenda rudi. Sauti yake hakuna aliyeelewa ilikuwa inakaa wapi katika kifua kile chembamba. Dakika hiyo ilipofika alipindua ndoo yake ya rangi, akapanda juu yake, akauliza mara moja tu: "Nani mwenye nyumba?"

Jukwaa zima likajibu: "Sisi!"

Hakuwa kiongozi wa chochote. Fundi aliyemfunza kazi, enzi hizo, alikuwa mgumu wa kulipa. Jumapili, siku za mechi, badala ya ujira, alimkatia tiketi. Mwingine angenung'unika. Kengele alikuwa akisema ndio ujira pekee aliowahi kupokea ambao haukuisha. Alikulia kwenye zile ngazi za saruji, akikalia kipande cha boksi ili asiungue, na akaanza kuzeeka hapo hapo. Mkewe alishona sare za shule katika chumba cha mbele cha nyumba yao ya kupanga, na wateja wakimuuliza mzee yuko wapi aliwajibu bila kuinua macho kwenye cherehani: "Yuko kwa mke mdogo. Yule mwenye nyasi."

Klabu ilikuwa ya wanachama, kwa hiyo ilikuwa maskini. Basi la kukodi lilisukumwa na wachezaji wenyewe. Kuna msimu jezi zilifuliwa na wake zetu kwa zamu, na zikarudi na rangi ambayo klabu haikuwa nayo. Ubingwa tuliusikia kwa jirani. Ndipo akatokea tajiri mmoja mwenye kiwanda cha sabuni, akasema yuko tayari kuinunua klabu na kuifanya kubwa, ila wanachama wakubali. Kila tawi likaambiwa likae lipige kura. Letu lilikaa kwenye gereji, watu juu ya matairi, harufu ya oili puani.

Aliyesimama kupinga ni kinyozi, kaka wa mke wa Kengele.

"Huyu bwana akishalipia kila kitu," alisema, "sisi pale tutakuwa nani? Niambieni. Wageni wa nani?"

"Wewe shemeji," Kengele akamdakia, "kazi yako kukata. Ukiona kitu kinaota tu, mkono unakuwasha."

Gereji nzima ikaangua kicheko. Kinyozi mwenyewe alitabasamu, kisha akatikisa kichwa.

"Chekeni. Mimi nimeuliza swali."

"Nami nakujibu," Kengele akasema, na sasa hakuwa anatania tena. "Nataka kombe kabla sijafa. Hata mara moja. Nyie hamtaki?"

Akainua mkono. Wengi wetu tulikuwa hatujaamua. Tulimtazama yeye, kwa sababu tulizoea kumjibu. Mikono ikapanda gereji nzima, kinyozi akabaki ameshika magoti yake.

Kombe lilikuja, hilo halina ubishi. Aliletwa mshambuliaji kwa ndege, mtu ambaye mshahara wake tuliutaja kwa kunong'ona kama ugonjwa, akafunga magoli ambayo tulikuwa tukiyaona kwenye ligi za ng'ambo tu. Siku ya kukabidhiwa kombe Kengele alilia mbele za watu, rangi nyeupe ingali kwenye kope. Msimu ulipokwisha, jukwaa la jua likavunjwa. Tukaambiwa linaboreshwa. Likarudi na paa, na viti vyenye mito, na bei. Tiketi iliyokuwa sawa na mkate na soda ikawa sawa na kupaka chumba kizima, kuta pamoja na dari, na hiyo ilikuwa mechi ya kawaida isiyo na upinzani. Tulielezwa kuwa wachezaji wazuri wana gharama. Ilikuwa kweli, na ukweli huo ndio uliotuziba mdomo: tulikuwa tumewataka wenyewe.

Tukahamia baa iliyo mkabala na geti la uwanja. Tulitazama mechi kwenye televisheni huku kelele zenyewe zikiingia dirishani, na kwa kuwa picha ilikuwa ikichelewa, tulilisikia goli kabla halijafungwa. Hata furaha tukawa tunaipata mtumba. Kengele hakuweza kuzoea. Alikaa amegeuzia televisheni mgongo, akitazama geti. Alitaka kuingia, basi. Asimame mahali pake aulize swali lake. Hakuna jingine alilotaka katika miezi ile, na alipokosa usingizi alimsumbua mkewe kwa hilo hilo.

Mwishowe alikwenda ofisi za klabu, kwenye jengo jipya la vioo. Katibu aliyempokea alikuwa mwenzetu wa zamani. Alishawahi kukalia boksi la Kengele.

"Kengele, kaka yangu! Umepotea."

"Sijapotea. Niko nje ya geti."

Katibu alicheka kidogo, akamshika bega. "Bure siwezi, kaka. Nikikuingiza wewe, kesho foleni itafika barabarani. Lakini ujue umekuja wakati mzuri. Pale ndani pamepoa mno, bosi analalamika. Kwenye televisheni watu wanaonekana kama wanasubiri daktari. Tunataka mtu wa kuwachangamsha. Utavaa fulana ya sabuni, utasimama mbele, kijana wa kamera akikupa ishara, unaita. Na posho ipo."

"Kamera ikigeuka?"

"Unapumzika."

Alirudi nyumbani na ile fulana ndani ya mfuko wa plastiki, akaiweka juu ya vitambaa vya sare.

"Si ulitaka kuingia?" mkewe akamuuliza. "Umeambiwa uingie, sasa unanuna nini?"

"Nitaingia kama nani?"

Mkewe aling'ata uzi, akautema.

"Kama mtu aliyeinua mkono."

Aliivaa. Jumapili ile tulikuwa baa, kinyozi pembeni yangu, televisheni ilipoonyesha uso wake. Fulana ilikuwa kubwa, imemshuka hadi mapajani. Ndoo walimzuia nayo getini, hivyo wakampandisha kwenye kijukwaa cha plastiki chenye chapa ya sabuni. Tuliona jicho lake likitafuta ishara, kama mwanafunzi. Kisha akaita.

Swali lilitufikia mara mbili: kwanza dirishani, sauti yenyewe, kavu, halafu tena kwenye televisheni. Kamera ikageuka upesi kwenda kulidaka jibu la watu. Waliokaa kwenye mito walikuwa wanampiga picha. Mmoja alipiga makofi kwa adabu. Karibu na kinasa sauti mtu akasema, "Mzee, sogea kidogo basi, hatuoni."

Na sisi baa nzima, tuliomsikia mara mbili, tulitazama glasi zetu. Hakuna aliyefungua mdomo. Mpaka leo sijapata maelezo ya hilo yanayotosha.

"Fulana imempendeza," kinyozi alisema. Hakuna aliyecheka, na yeye mwenyewe akaonekana amejuta.

Kengele aliimaliza mechi, akiita kila alipoelekezwa. Alikuwa mtu wa kumaliza kazi aliyoikubali. Kisha akavuka barabara na kusimama mlangoni pa baa, bado na fulana ile, jasho limeichora mgongo.

"Mlinisikia?"

"Tulikusikia, shemeji," kinyozi akajibu.

"Na mlinyamaza."

Kinyozi alimsogezea kiti kwa mguu. "Kaa, shemeji. Kaa unywe kitu."

Alikitazama kile kiti, akatutazama mmoja mmoja, sisi tuliokuwa kwenye gereji. Kisha akaondoka bila kuaga, na posho hakwenda kuichukua.

Siku hizi anaishi na mkewe katika mji mwingine, karibu na binti yao aliyeolewa huko. Anapaka rangi mabweni ya chuo cha ualimu, na Jumapili anakwenda kazini kama siku nyingine.