Sari Nyeupe

Juzi nikiwa dukani mjini Kisumu nilimwona mama wa Kihindi amevaa sari nyeupe tupu, bila bangili hata moja. Nilipouliza harusi ni ya nani, mwenye duka alinishangaa. "Harusi gani? Huyo amefiwa na mumewe."

Nikakumbuka alasiri moja kule Milimani. Mwalimu wangu wa zamani, Mtamili wa India Kusini, alitualika mimi na mdogo wangu Achieng kutazama filamu ya kwao kwenye video. Mama yetu alikuwa amemfuata baba kaburini muda si mrefu kabla ya hapo, nami nilikuwa nimeacha shule ili nimlee Achieng. Nyumba ilinukia ubani na vitunguu vya kukaanga. Filamu ilikuwa ya zamani, haina rangi. Ilianza kama mchezo wa jukwaani, mwalimu alisema, ndiyo maana watu walibishana muda wote katika sebule moja. Mwanamume alipigwa risasi akafa, polisi wakaja na maswali yao, kisha mkewe akatokea na watoto, amevaa nyeupe.

"Dada, mbona amevaa hivyo?"

"Anaolewa," nilisema, kwa kuwa kanisani kwetu nyeupe ni ya bibi harusi.

Achieng akapiga makofi. "Basi watoto wamepata baba! Hata sisi tutapata?"

Mwalimu alimtazama Achieng, akaenda kutuongezea chai.

"Tutapata," nilijibu.

Juzi jioni nilimpigia simu Achieng, ambaye sasa anaishi mbali, nimweleze ukweli wa ile sari.

"Kuna nini, dada?"

Nikamwuliza kama amekula.